Kadi zinazojikunja, kunatana na kugeuka njano: jibu kwa msomaji anayebadilishana kazi za mikono

"Habari za kazi, mtaalamu. Kwa miaka mitatu sasa natengeneza kadi na vijitabu kwa mkono na kubadilishana na wenzangu wanaopenda kazi hii. Wengi wao hatujawahi kuonana. Nabandika vipande vya magazeti, tiketi za safari, karatasi za kufungia zawadi, vitambaa, uzi na maua niliyoyakausha ndani ya vitabu, kisha napaka rangi za akriliki juu. Tatizo ni kwamba kadi zikishakauka zinajikunja kama ganda. Mwezi uliopita mwenzangu mmoja aliniandikia kwamba kadi mbili nilizomtumia zilifika zimeshikana uso kwa uso, na mpaka leo hajaweza kuzitenganisha. Zile nilizojiwekea za mwaka wa kwanza nazo zimeanza kuwa njano, na maua yamekuwa kahawia. Jirani yangu anasema shida ni karatasi ya bei ndogo, na kwamba kila kadi niitie laminesheni, yaani niifunike kwa plastiki ya moto. Nilitaka kumtengenezea mwenzangu mmoja kijitabu chenye picha ya zamani ya bibi yangu, lakini sasa naogopa. Na kusema kweli, nikitazama kazi za wenzangu naona aibu: wao wanatuma vitu vya kupendeza, mimi natuma tiketi. Niendelee au niache?"

Ndugu yangu, endelea. Nimeanza na swali lako la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokuuma, na kwa sababu hayo mengine yote yanarekebishika. Umeyataja kama tatizo moja, lakini ni matatu. Kujikunja kunaletwa na maji. Kunatana kunaletwa na rangi ambayo haijakomaa. Unjano unatokana na vitu vilivyomo ndani ya karatasi tangu ilipotoka kiwandani. Jirani yako, kwa nia njema, amekupa dawa moja ya magonjwa matatu, na kwa bahati mbaya hakuna hata moja ambalo dawa hiyo inaliponya.

Kuhusu bei, nakuomba uliondoe hilo moyoni kabla hatujaenda mbali. Kazi yangu ni kujalidi vitabu, na nimeona karatasi ya gharama kubwa ikijikunja vibaya kuliko manila ya kawaida kwa sababu tu ilibandikwa kinyume. Karatasi nzuri ina faida zake, hasa kwenye suala la unjano nitakalolifikia, ila haitakuokoa na maji.

Tuanze basi na maji. Karatasi ni mamilioni ya nyuzi ndogo za mimea zilizolaliana kama mkeka uliosukwa bila mpangilio. Uzi mmoja ukinywa maji huvimba unene, lakini urefu wake hauongezeki kwa kiasi cha kuonekana. Sasa, kiwandani rojo la nyuzi humwagwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala zikifuata upande ule wavu unaokwenda, kama majani yanavyolala kwenye mkondo wa mto. Ndiyo maana kila karatasi ya kiwandani ina mwelekeo. Ukiilowesha, hutanuka upande unaokata nyuzi mara kadhaa zaidi kuliko upande unaozifuata.

Gundi nyeupe unayoitumia, karibu nusu yake ni maji. Ukiipaka nyuma ya kipande cha gazeti, kipande kinanywa na kutanuka. Unakilaza juu ya kadi kavu kikiwa kimetanuka hivyohivyo. Baadaye maji yanaondoka, kipande kinataka kurudi kwenye saizi yake ya mwanzo, lakini sasa kimeshikwa. Kinachobaki ni kuvuta. Kadi inajikunja kuelekea upande uliobandikwa, na kadiri ulivyobandika tabaka nyingi ndivyo mvuto unavyozidi. Wewe unabandika tabaka tatu au nne kisha unapaka rangi yenye maji juu yake. Ningeshangaa kama kadi zako zingebaki zimenyooka.

Ukishaelewa hilo, tiba yake inajieleza yenyewe. Kwanza jua mwelekeo wa nyuzi. Shika karatasi, ipinde taratibu bila kuikunja, ifungue, kisha ipinde upande wa pili. Upande mmoja utaona inakubali kwa ulaini, upande mwingine inakataa. Pale inapokubali, mstari wa pindo ndio unaofuata nyuzi. Kama huamini mkono wako, chana kipande: ukifuata nyuzi mchano unakwenda karibu na kunyooka, ukizikata unakwenda kwa meno meno. Kwenye kijitabu, nyuzi za kila karatasi, na za jalada pia, zielekee sawasawa na uti wa kitabu. Huu ndio msingi wa kwanza tunaofundishwa wajalidi, na kijitabu kisichoufuata hakifungi vizuri hata ukipige pasi.

Pili, punguza maji. Gundi ya kijiti inatosha kwa vipande vyepesi kama tiketi, na utepe wa gundi wa pande mbili hauna maji kabisa. Unapohitaji gundi nyeupe, usiizimue. Chukua brashi isiyolowa, paka tabaka jembamba kuanzia katikati kwenda nje, na ukiona gundi inachuruzika pembeni ujue umezidisha. Wengine watakushauri usubiri kidogo baada ya kupaka gundi ili kipande kimalize kutanuka ndipo ukilaze. Ushauri huo una ukweli wake: unaondoa vikunyanzi. Lakini unalipa gharama, maana kipande kilichotanuka kikamilifu kitavuta kwa nguvu zaidi kikikauka. Mimi husubiri kwa karatasi kubwa ambazo vikunyanzi vyake vitaonekana, na sisubiri kwa vipande vidogo.

Tatu, na hii ndiyo ningekuomba uijaribu leo hii: bandika na mgongoni. Chukua karatasi yenye uzito unaofanana na ule wa vipande ulivyobandika mbele, iwe na mwelekeo uleule wa nyuzi, ipake gundi ileile, ibandike nyuma ya kadi. Sasa kila upande unavuta, na mivuto inakatana. Ndivyo majalada ya vitabu yanavyonyooshwa: karatasi ya ndani inalivuta jalada kurudi baada ya kitambaa cha nje kulikunja. Na mgongo huo mpya utakupa mahali safi pa kuandika.

Kisha gandamiza. Weka karatasi ya kuokea, ile yenye utelezi wa silikoni, juu na chini ya kadi, halafu karatasi zinazofyonza maji, halafu ubao, halafu vitabu vizito. Baada ya robo saa badilisha karatasi za kufyonza kwa kuwa zimeshalowa. Zibadilishe tena kabla ya kulala, na uache mpaka asubuhi. Watu wengi hugandamiza mara moja, wakakuta kadi imenyooka lakini ingali na unyevu, wakaitoa, nayo ikajikunja mbele ya macho yao. Usianike kadi juani wala usiielekezee mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu upande mmoja utakauka kabla ya mwenzake na utakuwa umerudi ulikotoka.

Sasa tuje kwenye zile kadi mbili zilizoshikana. Hili najua linavyouma, kwani limenipata mimi mwenyewe. Niliwahi kumtumia rafiki kadi sita nilizozifanyia kazi kwa majuma, nikazipanga nyuso zikitazamana kwa kudhani ninazilinda zisikwaruzane. Nilikuwa nimezigusa kwa kidole na kidole kilitoka kikavu. Zilifika zikiwa kitu kimoja.

Kidole kilinidanganya kwa sababu akriliki ina hatua mbili za kukauka. Rangi hiyo ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji pamoja na rangi yenyewe. Maji ya juu yakiondoka, chembe zinasogeleana na kuungana, uso unakuwa utando, na kidole kinasema imekauka. Chini ya utando huo maji na viungo vingine bado vinatafuta njia ya kutoka. Tabaka jembamba linaweza kukomaa kwa siku chache. Tabaka nene, lile unalochora kwa kisu, linahitaji majuma. Na hata ikishakomaa, akriliki hubaki na ulaini kidogo kwenye joto la kawaida la chumba. Ipashe joto, iwekee uzito, igusishe na akriliki nyingine, na tando hizo mbili zinaanza kuungana kama chembe zilivyoungana mwanzoni. Bahasha iliyolala ndani ya gunia la barua, juani, chini ya vifurushi vya watu wengine, ina hivyo vyote vitatu.

Kwa hiyo akriliki isiitazame akriliki kamwe. Acha kadi wiki moja wazi, au zaidi kama umepaka nene. Panga nyuso zote zielekee upande mmoja, na katikati weka kipande cha karatasi ya kuokea. Epuka karatasi ya nta, kwani joto huihamisha nta kwenye kazi yako, na epuka plastiki laini ya kufungia, inayonata kwenye akriliki kuliko hata karatasi. Kama mtindo wako unategemea rangi nyingi, jaribu kutumia rangi za maji za kawaida au gwashi (rangi ya maji nzito isiyoonyesha kilicho chini yake) kwenye kadi za kusafiri, na uiache akriliki kwa kazi zinazobaki nyumbani. Gwashi haiungani na mwenzake kwa namna hiyo, ingawa itachuja ikiguswa na tone la maji. Hapo itakubidi uchague ni hatari ipi unaweza kuishi nayo.

Unjano una historia ndefu zaidi ya kadi zako. Zamani karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na vitabu vya wakati huo mpaka leo vingi vina kurasa nyeupe. Mnamo 1807 Mjerumani Moritz Illig alitangaza njia ya kuizuia karatasi isinywe wino kwa kutumia utomvu wa misonobari na shabu. Shabu hiyo iliacha asidi ndani ya karatasi. Miaka ya 1840 Mjerumani mwingine, Friedrich Gottlob Keller, akapata njia ya kusaga mbao kuwa rojo la karatasi. Karatasi ikawa rahisi kupatikana, magazeti yakamfikia kila mtu, lakini pamoja na nyuzi ikaingia lignini, ile gundi asilia inayoshikilia mti. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka njano kisha kahawia, na asidi inazikatakata nyuzi polepole mpaka karatasi inavunjika ukiikunja. Gazeti lina vitu hivyo kwa wingi kuliko karatasi karibu zote unazozishika.

Watu huudhika nikiwaambia kwamba gazeti halikai peke yake na ugonjwa wake. Asidi inahama. Ukiweka kipande cha gazeti kati ya kurasa mbili nzuri kwa miaka kadhaa, utakuta umbo lake limejichora kwa unjano pande zote mbili. Ndicho unachokiona kwenye kadi zako za mwaka wa kwanza, na nadhani ukiangalia vizuri utakuta unjano umeanzia kwenye magazeti.

Hapa una njia tatu. Ya kwanza ni kunakili: toa nakala ya kipande cha gazeti kwa mashine, kwenye karatasi isiyo na asidi, ubandike nakala. Ya pili ni kutenganisha, yaani kuweka chini ya gazeti karatasi yenye kalsiamu kaboneti, ambayo ni chokaa ya namna fulani inayomeza asidi inapohama. Karatasi zinazotimiza kiwango cha kimataifa cha ISO 9706 zina pH (kipimo cha asidi) kati ya 7.5 na 10, yaani hazina asidi, na akiba ya alkali, iliyo kinyume cha asidi, inayolingana na angalau asilimia 2 ya kalsiamu kaboneti. Ukiona namba hiyo kwenye pakiti, hapo ndipo pesa ya ziada inapofanya kazi. Njia ya tatu ni kukubali. Gazeti lenye unjano lina uzuri wake, na kuna kadi ambazo zinapendeza zaidi zikizeeka.

Njia hiyo ya tatu siisemi kwa kukata tamaa. Jambo kubwa ninalotaka ulichukue katika barua hii ni kuamua, kabla hujashika mkasi, kama kazi hii inatakiwa kufika tu au inatakiwa kudumu. Kadi ya kumwambia mwenzako kwamba leo mvua imenyesha na umekaa dirishani ukishona vifungo kwenye karatasi inatakiwa kufika. Itafurahiwa, itabandikwa ukutani, itapauka, na itakuwa imemaliza kazi yake kwa heshima. Kijitabu cha picha ya bibi yako kinatakiwa kudumu. Kosa lako, kama ni kosa, ni kuzitengeneza zote mbili kwa vifaa vilevile na kuzitarajia ziishi sawa.

Maua ni ya kundi la kwanza, na hilo ni vyema ulijue mapema. Rangi nyekundu, za waridi na za zambarau katika petali nyingi hubadilika zikikutana na asidi au alkali, na mwanga huzifuta. Kijani cha majani nacho hakidumu. Unachoweza kufanya ni kuchelewesha: kausha maua mpaka yawe makavu kabisa, ukibadilisha karatasi za kufyonza kila siku kwa siku za mwanzo, kwa sababu kahawia nyingi huanzia kwenye unyevu uliobaki ndani ya petali. Bandika kwa vitone vya gundi, wala usilowanishe ua zima. Maua ya manjano mara nyingi huvumilia kuliko mekundu.

Au fanya alivyofanya Mary Delany. Mwingereza huyo alizaliwa mwaka 1700, na akiwa na miaka 72, mjane, alianza kukata maua kutoka kwenye karatasi za rangi na kuyabandika juu ya karatasi nyeusi, petali kwa petali, mpaka unaweza kuhesabu nyuzi za chavua. Katika muda wa miaka kumi alitengeneza karibu 1,000 kabla macho hayajamwishia. Yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya British Museum, London, na yanaonekana mabichi kuliko ua lolote lililokaushwa enzi zake. Alikuwa akiwaonyesha marafiki, nao wakimletea mimea. Nikikata tamaa na kazi yangu humkumbuka huyo mama.

Sasa laminesheni. Inaonekana kama ulinzi, lakini inatumia joto linalolainisha akriliki na kubonyeza vifungo na uzi, inafungia ndani asidi na unyevu uliokuwamo, na haitoki bila kuharibu. Hata wahifadhi wa nyaraka waliwahi kuipenda: katika karne ya 20 maktaba na nyaraka nyingi zilifunika hati zao kwa plastiki ya selulosi asetati, na baadaye wahifadhi wakaiacha njia hiyo baada ya kuona plastiki yenyewe inazeeka na kutoa asidi. Kama unataka kinga, tumia mfuko angavu wa plastiki ya poliesta au polipropilini ambao kadi inaingia na kutoka. Epuka ile mifuko ya PVC yenye harufu kali ya plastiki mpya, kwani hutoa vitu vinavyonata na kung'oa wino. Vanishi ya akriliki juu ya kadi haina ubaya kwa kazi ya kutundikwa, ila ujue umeongeza tabaka lingine la kunatana. Ukipulizia vanishi ya kopo, fanya hivyo nje penye hewa, usiifanyie chumbani.

Mengine kwa haraka. Selotepu usiitumie kwa chochote unachokipenda. Gundi yake hupenya ikawa kahawia, kisha utepe wenyewe hudondoka. Pini za stepla hushika kutu, shona kwa uzi badala yake. Wino wa printa nyingi za nyumbani huchuja ukiguswa na gundi, ilhali nakala ya mashine ya leza haichuji kwa sababu wino wake ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi. Ukiwa na shaka na wino wowote, gusa pembeni kwa pamba yenye unyevu na utazame kama pamba imebeba rangi.

Kuhusu posta, mashine za kupangia barua huipitisha bahasha kati ya mikanda na magurudumu, na huipinda. Kifungo kigumu ndani ya bahasha nyembamba kitatoboa au kitakwama. Vitu vyenye mwinuko viweke kati ya kadibodi mbili, kisha peleka bahasha mkononi kaunta na uombe ipimwe kama kifurushi kidogo badala ya kuitumbukiza sandukuni. Na kama mwenzako yuko nchi nyingine, ulizia kwanza kuhusu mimea. Nchi nyingi huzuia mbegu na sehemu za mimea zisiingie bila kibali, hata zikiwa kavu na zimebandikwa, na kadi yako inaweza kuishia mikononi mwa mkaguzi. Karani wa posta atakuambia kinachokubalika, na ukikosa jibu weka ua la karatasi.

Nirudi kwenye aibu yako ya tiketi. Mjerumani Kurt Schwitters, kuanzia mwaka 1919, alitengeneza kazi alizoziita Merz kwa tiketi za tramu, karatasi za peremende, vipande vya matangazo na takataka nyingine alizoziokota barabarani. Makumbusho makubwa leo yanazitunza. Lakini hata bila kumtaja yeye, fikiria mwenyewe ni kadi gani kati ya zile ulizopokea unayoirudia mara kwa mara. Kwangu mimi huwa si ile iliyokatwa kwa ustadi kuliko zote. Nina kadi moja iliyobandikwa kipande cha daftari la mtoto chenye hesabu iliyokosewa na kusahihishwa, na mama yake ameandika nyuma kwamba siku hiyo walicheka mpaka wakashindwa kupika. Tiketi yako inamwambia mwenzako kwamba ulikuwa kwenye basi fulani, siku fulani, ukitazama nje. Hicho hakiuzwi kwenye duka lolote la vifaa vya sanaa.

Mwaka 1997 msanii M. Vänçi Stirnemann alianzisha huko Zürich, Uswisi, utaratibu wa kadi ndogo za wasanii, za milimita 64 kwa 89, ambazo hutolewa kwa kubadilishana badala ya kuuzwa. Napenda udogo wake. Kwenye nafasi ya namna hiyo huwezi kumzidi mtu kwa wingi wa vifaa, unabaki na kipande kimoja au viwili na sababu ya kuvichagua. Kama kulinganisha kunakuchosha, pendekeza kwa wenzako mbadilishane za saizi hiyo kwa miezi michache, na mada iwe kitu kilichokufurahisha wiki hiyo. Na uwaambie ukweli kuhusu vifaa. Nyuma ya kila kadi andika kwa penseli tarehe, gundi uliyotumia, na neno moja la tahadhari: "ina gazeti, usiiweke karibu na picha," au "akriliki, usiibane."

Picha ya bibi ndiyo sehemu ambayo sitakuachia uamuzi mwepesi. Usibandike picha halisi. Itoe nakala nzuri, ubandike nakala, na ile halisi irudi mahali pakavu, pa giza, ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Kama picha hiyo imeshikana na kioo cha fremu, ina ukungu, au inamenyeka, usijaribu maji wala kisu hata kama umeona mtu akifanya hivyo. Mtafute mhifadhi wa karatasi na picha. Ulizia kwenye makumbusho, maktaba kubwa au ofisi ya nyaraka iliyo karibu nawe. Apate kuiona kwa macho yake, maana picha mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa zimetengenezwa kwa njia tofauti kabisa na kuhitaji matibabu yanayopingana. Vilevile ukikuta ukungu umesambaa kwenye sanduku zima la kazi zako, litenge na vitu vingine, usipukute chembe zake ndani ya nyumba, na uombe msaada, hasa kama kuna mtu mwenye pumu.

Tumalizie na zile kadi mbili zilizoko kwa mwenzako. Mwambie asizivute. Azifunge ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza hewa na aziweke kwenye friza kwa saa kadhaa. Baridi huifanya akriliki iwe ngumu na kupoteza kunata. Akizitoa, palepale, kabla hazijapata joto, aingize kisu butu cha plastiki au kipande chembamba cha kadi ngumu kwenye kona na kusogea milimita kwa milimita, bila kuzikunja, kwa kuwa rangi iliyoganda kwa baridi hupasuka kirahisi. Zikianza kuachana, aendelee. Zikipata joto, azirudishe friza. Akiona karatasi yenyewe inachanika, aache hapohapo, aziweke vivyo hivyo zikiwa zimeshikana, na wewe umtengenezee nyingine mbili.